Slaidi zinazogandana, na vioo vingine vinavyosumbua mwambao wa Tanga

Fungua boksi la slaidi za hadubini lililokaa kabatini tangu kabla ya masika, hapa Tanga mjini, na mara nyingi utakuta mambo mawili. Slaidi zimegandana mbilimbili kama karatasi zilizolowa. Zile zinazokubali kutengana zina ukungu mweupe, au virangirangi kama vya mafuta juu ya maji, na hata ukisugua kwa kitambaa havitoki. Wengi hulaumu kiwanda au husema ni slaidi feki. Feki zipo, sikatai, lakini ugonjwa huu si wa ufeki. Ni kioo chenyewe kimeanza kuliwa na maji yaliyomo hewani.

Kioo cha kawaida, yaani cha dirisha, cha chupa ya soda na cha slaidi nyingi, ni mchanga, magadi na chokaa vilivyoyeyushwa pamoja. Katika gramu 100 za kioo hicho, takriban 72 ni silika itokanayo na mchanga, 14 hivi ni oksidi ya sodiamu itokanayo na magadi, kumi hivi ni chokaa, na zilizobaki ni vitu vidogovidogo. Mchanga peke yake huyeyuka kwenye joto linalozidi nyuzi 1,700, moto ambao tanuri la kawaida haliumudu. Magadi ndiyo yanayoushusha. Lakini mchanga na magadi bila chokaa hutoa kioo kinachoyeyuka majini. Chokaa ndiyo inayokishikilia, na watu wa Tanga hawahitaji kuelezwa chokaa ni nini, kwani jiwe la mapango ya Amboni ni chokaa hiyohiyo.

Sasa tatizo. Sodiamu ndani ya kioo haijafungwa sana. Maji yakigusa uso wa kioo, sodiamu hutoka na hidrojeni ya maji huingia mahali pake, na maji yale hugeuka kuwa makali kama maji ya magadi. Dirishani hilo halina madhara makubwa, maana mvua huja ikaosha. Katikati ya slaidi mbili zilizobanana kuna utando mwembamba wa maji usio na pa kwenda. Ukali huongezeka siku hadi siku, na ukipita 9 kwenye pH, yaani kipimo cha asidi na magadi, maji hayo huanza kula silika yenyewe. Hapo ndipo slaidi zinaposhikana na uso kupata vishimo. Kumbe kioo kilichofungwa vizuri kwenye boksi huharibika upesi kuliko kilichoachwa wazi kwenye mvua.

Kwa anayetafuta vimelea vya malaria hili si suala la urembo. Maji ya kuchanganyia rangi ya Giemsa hutakiwa yawe na pH 7.2, na slaidi yenye magadi usoni inavuta rangi kwenda kwenye ubluu. Tone nene la damu hubanduka wakati wa kusuuza. Chembe za rangi hunasa kwenye vishimo, na mwenye haraka anaweza kuzihesabu kama vimelea. Ukiona uwanja mzima wa hadubini una vidoa vyeusi visivyo na kiini wala ute wa seli, kagua slaidi kabla hujamkagua mgonjwa.

Utaratibu unaofaa mwambao ni huu. Usinunue slaidi za mwaka mzima. Nunua za miezi mitatu. Zikifika, zitenganishe siku hiyohiyo, zioshe moja moja kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, zisuuze kwa maji mengi ya bomba, kisha maji yaliyokenekwa, zitumbukize kwenye ethanoli ya asilimia 95, na ukaushe kila moja kwa kitambaa cha pamba kisichoacha nyuzi. Shika kwa pembeni tu, mafuta ya kidole ni adui mwingine. Zipange kumikumi, zifunge kwa karatasi safi, weka kwenye bati lenye mfuniko wa kubana pamoja na kifuko cha chembe za silika za kunyonya unyevu. Slaidi zilizopata ukungu mwepesi huweza kuokolewa kwa kulowekwa dakika chache kwenye siki, kwa kuwa kinachoonekana bado ni chumvi za magadi tu. Zilizokwisha kuliwa haziokoleki. Zitupe kwenye boksi la vitu vyenye ncha.

Kabati la slaidi na la hadubini liwe na joto dogo la kudumu. Balbu ya zamani ya waya, ya wati 25 hadi 40, ikiwekwa chini ya kabati mbali na plastiki, inatosha. Tatizo jipya ni kwamba watu wamebadilisha balbu hizo kwa LED ili kuokoa umeme. LED inamulika lakini haitoi joto la maana, kwa hiyo kabati linang'aa na unyevu uko palepale.

Lenzi nazo zina ugonjwa wao, ukungu wa kuvu. Unaonekana kama nyuzi za buibui zinazotambaa kutoka ukingoni. Kuvu hula vumbi na mafuta yaliyobaki kwenye lenzi, na asidi inayotoa hutoboa kwanza utando wa kuzuia mng'ao, halafu kioo chenyewe. Amani juu, kwenye Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti mwaka 1902 na baadaye pakawa kituo cha utafiti wa malaria, adui ni ukungu wa msitu. Huku chini, Raskazone na kandokando ya bahari, ni chumvi. Chumvi ikitua juu ya kitu, huanza kuvuta maji hewani hadi kuyeyuka pale unyevu unapopita asilimia 75, na usiku wa Tanga hupita hapo bila taabu. Ndiyo maana kuifunika hadubini kwa mfuko wa plastiki jioni, chumba kikiwa na unyevu, ni kuufungia unyevu ndani. Ikaushe kwanza, ifunike baadaye. Chembe za silika zinazobadilika rangi zikigeuka kutoka buluu kwenda waridi, zioke kwa nyuzi 120 hivi kwa saa kadhaa hadi ubluu urudi.

Na mafuta yanayodondoshwa kati ya slaidi na lenzi ya mara 100 yafutwe kila siku kwa karatasi laini ya lenzi, si kwa kipande cha shashi wala pindo la koti. Usizoee zailini, kile kiyeyusho cha maabara: inang'arisha kweli, lakini hulegeza gundi inayoshikilia vipande vya lenzi.

Kwa nini yawepo mafuta yale kabisa? Kila kitu kinachopitisha mwanga kina namba yake ya kuupinda. Hewa ni 1.00, maji 1.33, kioo cha slaidi karibu 1.52. Mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia hewani hupinda sana na mwingine hupotea kabla ya kufika kwenye lenzi. Mafuta ya hadubini yametengenezwa yawe na namba 1.515 hivi, ili mwanga uone kioo, mafuta na lenzi kama kitu kimoja. Mafuta ya kula yana takriban 1.47, kwa hiyo kuyatumia badala yake kunatia giza na kupoteza makali ya picha. Kile kifuniko chembamba cha slaidi nacho kina kipimo: lenzi nyingi zimekokotolewa kwa unene wa milimita 0.17, ule unaoandikwa namba 1.5 kwenye boksi.

Lakini mafuta ya kula yana kazi nyingine nzuri maabara. Kioo cha borosiliketi, kile cha bika na neli zinazovumilia moto, kina namba 1.474. Mimina mafuta ya alizeti kwenye glasi, tumbukiza kipande unachokitilia shaka. Kama ni borosiliketi, sehemu iliyozama inafifia hadi karibu kutoweka. Kama ni kioo cha magadi, chenye 1.52, kingo zinabaki wazi. Kwenye joto letu la nyuzi 30 na kitu mafuta hupungua namba kidogo, kwa hiyo usitegemee kipotee kabisa. Linganisha na kipande unachokijua. Mafuta ya nazi, pamoja na heshima zake zote mwambao huu, hayafai kwa jaribio hili: yapo karibu na 1.45. Glisarini ya duka la dawa, 1.473, ndiyo bora kuliko yote.

Jaribio hili ni la lazima kwa sababu jina juu ya chombo si cheti. Pyrex ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1915 ikiwa borosiliketi, na za maabara bado ni hizo, lakini bakuli nyingi za jikoni zenye jina hilo zinazotengenezwa Marekani leo ni kioo cha magadi kilichokazwa kwa joto. Ni imara ukiziangusha, ila kwenye moto wa moja kwa moja hupasuka vipandevipande.

Tofauti yenyewe ni ya kutanuka. Chukua fimbo ya kioo ya mita moja, ipashe joto kwa nyuzi 100 zaidi. Ya kioo cha magadi itarefuka milimita 0.9. Ya borosiliketi, 0.33. Ya kwatsi safi, ambayo ni silika tupu, 0.055 tu. Chombo hupasuka pale upande mmoja unapotaka kurefuka na mwingine ukakataa. Otto Schott wa Jena, Ujerumani, ndiye aliyeonyesha kwenye miaka ya 1880 na 1890 kuwa sehemu ya magadi ikibadilishwa kwa boroni kioo hutulia. Mchanganyiko wa sasa una silika asilimia 80 hivi, oksidi ya boroni 12 hadi 13, na sodiamu 4 tu. Sodiamu ikipungua, kuliwa na maji nako kunapungua.

Hata hivyo borosiliketi si chuma. Mkwaruzo mmoja ndani ya bika, wa brashi yenye waya au fimbo ya kukorogea, ndipo ufa unapoanzia. Vyombo vyenye kuta nene, kama silinda ya kupimia au chupa ya kunyonyea hewa, havipashwi moto hata kama ni borosiliketi, kwa kuwa unene huchelewesha joto kupita. Katika shule zetu silinda za kupimia ndizo zinazovunjika kwa maji ya moto, na bika ndizo zinazovunjika kwa kuwekwa juu ya saruji baridi zikitoka kwenye moto. Weka ubao au kitambaa kikavu.

Kwenye otoklevu, yaani chungu cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, ya nyuzi 121 kwa dakika 15, jaza chupa theluthi mbili tu, legeza kifuniko nusu mzunguko, usikalishe chupa moja kwa moja juu ya bati la chini. Chupa kubwa zinahitaji muda zaidi, maana saa inahesabu joto la mvuke, si joto la katikati ya maji. Mgeji ikishuka hadi sifuri usikimbilie kufungua: maji ndani bado yanaweza kuwa juu ya nyuzi 100, na ukiigusa chupa huchemka ghafla usoni mwako. Subiri ishuke chini ya 80.

Vyombo vya kupimia ujazo vina adui tofauti, yaani joto la kawaida tu. Chupa ya ujazo imepimwa kwa nyuzi 20. Ya lita moja ukiijaza hadi alama kwa maji ya nyuzi 30, uzito unapungua gramu 2.5 hivi. Kioo chenyewe kimetanuka sehemu ndogo sana ya hapo, mililita 0.1, kilichobaki ni maji. Ukitengeneza na kutumia kwenye chumba hichohicho kosa hilo halikuumizi. Linaumiza unapotengeneza kwenye chumba chenye kiyoyozi cha 22 ukaenda kutumia kwenye chumba cha 32, au unapojaza hadi alama wakati haidroksidi ya sodiamu bado ina joto la kuyeyuka. Acha ipoe, ndipo ujaze. Chupa ya mililita 100 ya daraja A inaruhusiwa kukosea mililita 0.1 tu, kwa hiyo ukiikausha kwenye oveni kali mara kwa mara unaanza kuchezea kipimo ulicholipia. Pipeti yenye alama Ex imepimwa kwa kile kinachotoka: tone la mwisho liache, usilipulize.

Na usihifadhi haidroksidi ya sodiamu kwenye chupa ya kioo yenye kizibo cha kioo. Itakula shingo na kukigandisha kizibo kisitoke tena. Plastiki. Asidi ya haidrofloriki ndiyo kabisa, inakula kila aina ya kioo.

Kwatsi ni ghali, na watu hujiuliza kama kuna haja. Jibu liko kwenye mwanga. Kioo cha kawaida kinaziba mionzi ya urujuanimno. Chini ya nanomita 320 hivi kinakuwa kama ukuta. Kwatsi hupitisha hadi karibu 200. DNA hupimwa kwa 260 na protini kwa 280, basi ukitumia kikombe cha kioo kwenye mashine ya kupimia mwanga unapata usomaji mkubwa usiobadilika, sampuli iwepo isiwepo. Vikombe vya kwatsi kwa kawaida vina herufi Q au QS juu. Zikiwa zimefutika, jaza maji safi, linganisha na hewa tupu kwa nanomita 240: kwatsi husoma kidogo, kioo hupanda juu sana. Kosa baya zaidi ni kwenye mashine za kusafishia maji kwa taa ya urujuanimno. Taa huua vijidudu kwa nanomita 254 na hukaa ndani ya bomba la kwatsi. Bomba likivunjika, fundi hukata neli ya kioo inayolingana. Haivuji, taa inawaka, kila mtu anaridhika, na maji yanatoka na vijidudu vyake vyote.

Kwenye dawa, vitabu vya viwango hugawa kioo aina tatu. Ya I ni borosiliketi, na ampuli na vichupa vingi vya sindano ni vya aina hiyo. Ya II ni kioo cha magadi ambacho uso wake wa ndani umetibiwa kwa gesi ya salfa ili sodiamu ya juujuu iondolewe. Kinafaa maji ya dawa yenye pH ya kati au yenye asidi. Ya III ni kioo cha magadi kisichotibiwa, cha dawa za mafuta, unga na zile zisizodungwa. Tiba ile ya aina ya II ni ngozi nyembamba, haivumilii kuoshwa na kutumiwa tena. Hata aina ya I, dawa ikiwa na pH ya juu au fosfeti na sitreti, huweza kubanduka magamba membamba sana. Ukiinua kichupa mbele ya mwanga ukaona vinavyometameta vikielea, usidunge. Chupa za kahawia hupata rangi kwa chuma na salfa, na huzuia sehemu kubwa ya mwanga ulio chini ya nanomita 450.

Ampuli yenye nukta shingoni: nukta ikutazame, kidole gumba juu yake, shingo ifungwe kwa pamba, uvunje kwa kusukuma mbali nawe. Vumbi la kioo huanguka ndani hata ukivunja vizuri, kwa hiyo iache isimame kidogo kabla ya kuvuta dawa, na ukiwa na sindano yenye kichujio itumie.

Kuna kipimo kimoja ambapo kioo si chombo tu bali ni kitendanishi chenyewe. Mtu aking'atwa na nyoka ambaye sumu yake huharibu ugandaji wa damu, mililita 2 za damu ya mshipa huwekwa kwenye neli ndogo ya kioo, safi na kavu, ikaachwa dakika 20 bila kutikiswa, kisha hulazwa mara moja tu. Ikitiririka bado, damu haigandi. Uso wa kioo una chaji hasi inayoamsha protini inayoitwa faktari XII, na ndiyo inayoanzisha mnyororo wa kuganda. Plastiki haifanyi hivyo. Neli iliyooshwa kwa sabuni ya unga nayo haifanyi hivyo sawasawa, kwani mabaki ya sabuni huufunika uso. Matokeo yake ni mtu mwenye damu nzima kuonekana kama ana sumu, na dawa ya gharama kubwa kutumika bure. Tumia neli mpya, na weka nyingine ya aina hiyohiyo pembeni yenye damu ya mtu mwenye afya kwa kulinganisha.

Dirisha la chumba cha eksirei ni kioo chenye risasi nyingi, kizito karibu mara mbili ya cha kawaida, chenye umanjano kidogo. Lina alama ya unene wa risasi linaoulingana, mfano milimita 2. Likipasuka, fundi vioo wa mtaani hana mbadala wake hata akikata kioo kinene vipi.

Nimeacha kwa mwisho kioo ambacho kuliwa na maji ndiyo kazi yake. Mwaka 1969 Larry Hench wa Chuo Kikuu cha Florida alitengeneza kioo chenye silika asilimia 45 tu, sodiamu na chokaa asilimia 24.5 kila kimoja, na fosfeti 6. Kinaitwa 45S5. Kikiwekwa penye mfupa uliopungua, sodiamu hutoka kama inavyotoka kwenye slaidi za boksi lile, uso hugeuka ute wa silika, na juu ya ute huo kalisi na fosfeti hujipanga kuwa madini yaleyale ya mfupa. Mfupa wa mgonjwa hushikana nacho bila gundi. Madaktari wa meno hukitumia kujazia mfupa wa taya, na unga wake laini huwekwa kwenye dawa za meno za kupunguza ganzi ya meno yenye hisia kali. Unga huo huja umefungwa usipitishe hewa, na hufunguliwa pale unapotumika. Ukiuacha wazi kwenye kabati la Chumbageni, hapa Tanga mjini, wakati wa masika, kazi ya mfupani huanzia humo kabatini.